Picha za Papa Potwe Zinathibitisha Nini

Hakuna papa potwe wawili wenye madoa yaliyopangika sawa. Madoa meupe ya ubavuni, nyuma ya mashavu, hubaki vilevile kwa miaka mingi, na ndiyo maana picha ya mtalii aliyepiga mbizi mara moja tu inaweza kuwa ushahidi wa kisayansi. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman walichapisha njia ya kulinganisha picha hizo, wakitumia hesabu ambayo Edward Groth aliieleza mwaka 1986 kwa ajili ya kulinganisha orodha za nyota. Kompyuta huunganisha madoa matatu matatu kuwa pembetatu, kisha hutafuta pembetatu za umbo hilohilo katika picha za zamani. Kinacholinganishwa ni uwiano wa pande, si urefu wake, hivyo si lazima picha zote zipigwe kutoka umbali mmoja. Baadaye ziliongezwa programu zinazojifunza kwa mifano, ambazo humtafuta samaki pichani na kubainisha ubavu unaoonekana, kwani madoa ya kulia na ya kushoto hayafanani.

Wapo wanaodai kwamba watu wasio na mafunzo hawaaminiki. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu hapa mtalii haombwi maoni yake: hata akikosea jina la samaki, madoa yamo pichani na mtafiti anaweza kuyakagua mwenyewe. Uchambuzi wa picha kama hizo uliochapishwa mwaka 2017 ulitambua potwe zaidi ya 6,000 katika nchi 54, eneo ambalo hakuna kikosi kimoja cha watafiti kingeweza kulifikia.

Udhaifu wa kweli ni kwamba picha hufuata watu. Kisiwani Mafia, Tanzania, potwe huonekana kwa wingi karibu na mji wa Kilindoni kwa miezi kadhaa, kisha huadimika. Kwa picha pekee mtu angesema wamehama. Lakini vifaa vya kutoa mlio walivyofungwa potwe, na vipokezi vilivyotegwa chini ya maji, vilionyesha katika utafiti wa mwaka 2015 kwamba wengi hawakuondoka. Walisogea tu mbali zaidi na ufuko na kuingia kwenye kina kirefu. Kwa hiyo picha ni shahidi mzuri wa nani alikuwapo, na ni shahidi mbovu wa nani hakuwapo. Hifadhi inayopangwa kwa msimu wa watalii itamwacha potwe, aliyetangazwa mwaka 2016 kuwa hatarini kutoweka, bila ulinzi miezi iliyobaki. Wanaopanga utafiti wawashirikishe wavuvi wa Mafia, ambao huwa baharini hata watalii wakishaondoka.