Pongezi kwa Neema Crafts ya Iringa

Ukisikia mradi wa kanisa, kinyesi cha tembo si kitu cha kwanza kukujia akilini. Lakini ndicho kilichoipatia umaarufu Neema Crafts, karakana ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi. Kinyesi huoshwa, huchemshwa na kupondwa, kisha nyuzi zake huchujwa kwenye fremu ya wavu na kukaushwa, zikawa karatasi. (Hainuki, wenye wasiwasi watulie.) Baadaye zikaongezeka kazi nyingine za mikono, na tiba ya viungo kwa watoto wenye ulemavu.

Mimi nausifu zaidi mgahawa wao. Wahudumu ni viziwi, hivyo mteja ndiye anayejifunza: anaandika anachotaka, au anajaribu ishara na kuchekwa kidogo. Chakula kinalipiwa kama chakula, si kama sadaka. Tumezoea huruma ya gunia la unga na picha ya pamoja; hapa mtu anapata mshahara, na anaamua mwenyewe kama utakwenda kwenye daftari za mtoto au kwenye simu mpya.