Mpasuko wa pili ulikuwa wa nini?

Mlioiona kahawa ile ikikaangwa hadharani Ganako mnajua iliunguzwa. Uchumaji ulikuwa safi, matunda mekundu matupu. Kuosha na kuanika sina neno.

Tatizo lilianzia kikaangoni, kwenye mashine ya umeme. Buni ni mbegu ya tunda, na bango la mezani lilitutangazia faida za mbegu hiyo mwilini, yaani asidi ya klorojeniki, polifenoli inayofikia asilimia 5 hadi 8 ya uzito mkavu wa arabika mbichi. Mpasuko wa kwanza wa punje ulisikika vizuri, joto likikaribia nyuzi 200. Punje zilikuwa na rangi ya mdalasini iliyokolea, makapi yakipeperuka. Hapo ndipo pa kumimina baada ya muda mfupi. Mkaangaji akatazama saa, akaongeza moto! Akangoja mpaka mpasuko wa pili ukaanza kutatarika kama chumvi motoni, moshi ukawa mzito, punje zikatoka mafuta na kung'aa nyeusi. Ndipo akamimina, na watu wakapiga makofi.

Makofi ya nini? Mkaango mwepesi huacha karibu nusu ya asidi hiyo. Mkaango mweusi kama ule hufuta zaidi ya asilimia 90. Kafeini haipungui sana, na trigonelini ikivunjika hutoa niasini kidogo, hilo nalikubali. Lakini bango halikusema niasini.

Wasomaji wengine wamenichoka kwa hili, ila nitalirudia: weusi huu tumeuiga hotelini, kwa kudhani kila mgeni anayepanda Ngorongoro anataka uchungu. Robusta ya ovyo hukaangwa hivyo ili moto ufiche kasoro zake. Arabika ile ya miteremko ya Oldeani inafichwa nini?

Wahaya wa zamani wa Bukoba waliipita mbali mashine ile ya umeme. Walichuma robusta kabla haijaiva, wakaichemsha na majani ya mitishamba, wakaianika, kisha wakaitafuna, ganda na mbegu pamoja. Hakuna nyuzi 230 za mpasuko wa pili katika kazi hiyo, na robusta mbichi kwa kawaida huizidi arabika kwa asidi ya klorojeniki. Bukoba hawakuhitaji bango.

Fundi wa Ganako, safari ijayo mimina mapema baada ya mpasuko wa kwanza. Ukishindwa kujizuia, liondoe lile bango mezani.