Uzi wa Jioni

Kwenye bustani yangu ya Kasapa, upande wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nilikuwa na maboga ya aina mbili. Moja lilitoa chibwabwa laini, majani ya kula na bukari (ugali), ila tunda lake lilikuwa maji matupu. Lingine lilikuwa na nyama nene, tamu, na majani makavu yanayokwaruza. Nilitaka mmea mmoja wenye yote mawili.

Kwanza nilitazama vikonyo, kwa sababu maboga ya spishi tofauti hayazaani kwa urahisi. Kikonyo cha Cucurbita maxima ni mviringo na chepesi kama kizibo. Cha Cucurbita moschata ni kigumu, kina pembe tano, na hupanuka kinapogusa tunda. Yangu yote yalikuwa moschata.

Wengi hudhani kazi ya kuchavusha ni ya asubuhi. Ni ya jioni. Ua la boga hufunguka mara moja tu, alfajiri, na kabla ya adhuhuri limenyauka. Nyuki huwahi kuliko mkulima. Kwa hiyo jioni nilitafuta matumba yaliyoanza kuwa manjano kwenye ncha huku yakiwa bado yamefumba. Jike hujulikana kwa kijiboga kilicho chini yake. Nikayafunga ncha kwa uzi, majike kwenye mmea wa mama na madume kwenye mmea wa baba. Tumba lililosahauliwa na kukutwa limefunguka sikulitumia, hata lilipoonekana safi.

Asubuhi nilikata madume, nikachana petali zote, kikabaki kijiti chenye chavua. Chavua ya boga ni nzito na hunata, upepo hauibebi, ndiyo maana uzi unatosha bila wavu. Nikafungua jike taratibu, nikapaka stigma pande zote kwa madume matatu, maana chavua ikiwa haba tunda hudondoka au hukua limepinda. Nikafunga tena papo hapo. Kufunga huku humzuia nyuki, na pia mvua, kwa kuwa chavua iliyolowa hupasuka. Utepe wa alama niliufunga kwenye kikonyo. Ua lenyewe huanguka.

Hata hivyo majike yangu ya kwanza yalidondoka yote. Mmea tayari ulikuwa unalea maboga yaliyotungwa na nyuki, haukuwa na nguvu ya kulea zaidi. Nilipoyakata hayo, jike lililofuata likashika.

Boga lilipokomaa lilifanana na mama kabisa, jirani akanipa pole. Lakini ganda na nyama ni mwili wa mama. Mchanganyiko umo ndani ya mbegu. Nililiacha nyumbani mwezi mzima zaidi ili mbegu zijae. Sifa zitaanza kutawanyika katika kizazi cha pili, na hapo nitahitaji mimea mingi ya kuchagulia. Kwenye bahasha nimeandika jina la mama, kisha la baba, kisha tarehe ya asubuhi ile.