Mwamba Mmoja, Halmashauri Mbili

Kigombe ni kijiji cha Wilaya ya Muheza. Ukifuata ufuko kwenda kaskazini unafika Tongoni, na Tongoni ni Jiji la Tanga. Kwa mtunza hesabu wa halmashauri hizo ni dunia mbili: madiwani wengine, ofisa uvuvi mwingine, kitabu kingine cha ushuru. Kwa mvuvi wa madema ni safari ya asubuhi moja, upepo ukiwa mzuri.

Mwaka 1994 ulianza Mpango wa Hifadhi na Maendeleo ya Ukanda wa Pwani Tanga, kwa fedha za Ireland na msaada wa kitaalamu wa IUCN. Kazi yenyewe ilishikwa na halmashauri tatu: Tanga mjini, Muheza na Pangani. Mkinga ilimegwa kutoka Muheza baadaye. Walianza na vijiji vichache vya majaribio, Kigombe kikiwamo. Watu wakakaa, wakataja yanayowasibu: baruti, kokoro, mikoko inayokatwa ovyo, samaki wanaozidi kuwa wadogo. Wakaandika mpango wa miamba yao. Haikuchukua muda kubainika kwamba miamba hiyo ilikuwa na wenyewe wengine, waliokuja na ngalawa kutoka vijiji ambavyo havikuitwa kikaoni.

Hapo wangeweza kuweka walinzi na kuwafukuza wageni. Pwani nyingi zimefanya hivyo, na ugomvi wake hauishi. Tanga waliufuta mpaka wa mpango wakauchora upya, wakiwafuata wavuvi badala ya ramani ya wilaya. Mpango wa kijiji ukawa mpango wa eneo, likaitwa Mtang'ata. Ni jina kongwe: Wareno walilisikia tangu mwaka 1499, pale walipoichoma moto São Rafael, meli ya msafara wa Vasco da Gama, kwenye mafungu ya pwani hiyohiyo kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Mfano wa Mtang'ata ukaenea hadi pwani yote ya mkoa ikagawanywa katika maeneo sita ya usimamizi wa pamoja. Boma–Mahandakini liko kaskazini, upande wa Kenya. Deepsea–Boma na Mwarongo–Sahare yanafuata, kisha Mtang'ata, Boza–Sange, na Mkwaja–Buyuni huko kusini.

Kuchora mpaka wa namna hiyo kunataka subira. Mvuvi hana anwani baharini. Wakati wa kusi ana mwamba wake, kaskazi ikiingia ana mwingine, na akienda dago anaweza kulala miezi kwenye ufuko wa wilaya ya watu. Kwa hiyo swali la kikao halikuwa bahari hii ni ya nani. Waliulizana nani anavua wapi, kwa chombo gani, msimu gani. Anayeuliza hivyo hupata majibu marefu, na lazima ayasikilize yote.

Mimi huvutiwa zaidi na sehemu ambayo wengine huiruka, yaani sheria ndogo. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji hupendekeza, wanakijiji hutoa maoni yao kwenye mkutano wao, na baraza la madiwani la wilaya huidhinisha. Njia hiyo ni ndefu hata kwa kijiji kimoja. Sasa weka mwamba unaovuliwa na watu wa halmashauri mbili. Tuseme faini ya kokoro ni kubwa Pangani na ndogo kwa jirani: mwenye kokoro atashusha samaki kule kwenye faini ndogo. Mwamba ukifungwa na baraza moja tu, kwa watu wa baraza la pili haujafungwa. Kifungu kilekile lazima kipite huku na kule, kikiwa na maana ileile, tena kabla madiwani wa upande mmoja hawajamaliza muda wao. Mbao mbili za jahazi zaweza kuwa imara, kila moja peke yake, lakini maji huingilia kwenye kiungo, na ndiyo maana fundi wa kalafati hukaa hapo siku nzima na pamba yake. Makatibu na maofisa uvuvi waliofanya kazi hiyo hawakupigwa picha na mtu, na sidhani kama walitarajia.

Doria nayo ilifanywa kwa kushirikiana. Wanavijiji walijua sura za watu na sauti ya mlipuko ilikotokea, maofisa wa wilaya walikuwa na mamlaka, na askari wa jeshi la majini walikuwa na silaha. Hakuna aliyekuwa na vyote vitatu.

Kisha kulikuwa na kuhesabu. Baadhi ya miamba ilifungwa kwa muda uliokubaliwa, na wanavijiji waliofundishwa walizamia kuhesabu samaki ndani na nje ya eneo lililofungwa. Tasi hurudi upesi. Chewa huchukua miaka, na mwenye haraka humkatia tamaa. Hesabu zilirudishwa mezani na mpango ukarekebishwa. Naithamini sana hatua hiyo ya mapitio, kwa kuwa mvuvi aliyeambiwa asivue ana haki ya kuonyeshwa alichokingojea.

Fedha za Ireland zilikoma mwaka 2007. Baruti, ambayo ilikuwa imepungua, ilirudi kwa vishindo katika muongo huohuo, ikaja kupungua tena baada ya msako wa pamoja wa vyombo vya dola kuanzia 2016 hivi. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552, ikaongeza mamlaka nyingine juu ya maji yaleyale. Wapo wanaosema haya yanathibitisha kwamba maeneo ya pamoja yalishindwa. Sikubali. Kilichokosekana ni mafuta ya boti na posho ya doria. Wazo lenyewe lilihama likaendelea: Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 ilivipa msingi vikundi vya wavuvi ambavyo kila mtu dikoni huviita BMU, na huko Rufiji, Mafia na Kilwa vikundi vya vijiji jirani vikaunganishwa kwa mipango inayofanana sana na ile ya Tanga.

Diwani wa pwani unayesoma haya, iwe Mkinga, Pangani au Kilwa: kabla ya kikao kijacho cha bajeti, omba uonyeshwe mpango wa eneo lenu la pamoja na tarehe ulipopitiwa mara ya mwisho. Kisha mpigie simu mwenzako wa halmashauri jirani umuulize kama nakala aliyonayo ni hiyohiyo.