Kutupa Uchawi

Wazee wa Ufipa husimulia kwamba jina la Sumbawanga ni agizo: tupa uchawi. Aliyepanda kwenda huko alitakiwa aache njiani kila alichobeba cha kudhuru watu, ndipo aingie mjini mikono mitupu. Sisi wa Mtowisa tuko bondeni, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, mita elfu moja hivi chini ya mji huo, kwenye joto na mpunga na upepo wa Ziwa Rukwa. Agizo hilo tumelisikia tangu utoto. Nilidhani ni habari ya hirizi na giza la usiku. Nimekuja kulielewa upya ukubwani, nikiwa nimekaa mbele ya laptopu kuukuu, nikisimamia seva ya mchezo.

Mchezo wenyewe unaitwa Luanti. Perttu Ahola wa Ufini aliuanzisha mwaka 2010 kwa jina la Minetest, na jina hili jipya ulipewa Oktoba 2024. Ni wa bure, na unafunguka hata kwenye simu ndogo. Kilichonivuta zaidi ni kwamba hauna haja ya intaneti. Laptopu moja inakuwa seva, rauta isiyo na bando inarusha mawimbi chumbani, na watoto waliokuja na simu za mama zao wanaingia wote katika dunia moja ya vipande vya mchemraba. Dunia hiyo ni pana: ukianzia katikati, una vipande zaidi ya elfu thelathini kila upande, na chini, na juu. Wao wamejaza kona yake moja tu. Wamejenga Lyamba yao kwa mawe, wakaichonga barabara yenye kona zote wanazozijua, na juu kabisa wakaweka mji ambao baadhi yao hawajawahi kuufikia kwa miguu wala kwa basi.

Wao wanaona mji, mimi naona orodha ya haki. Kila anayeingia kwa mara ya kwanza hupewa haki mbili. Moja imeandikwa interact, nayo ni haki ya kugusa: kuvunja kipande, kuweka kipande, kufungua kasha. Ya pili imeandikwa shout, nayo ni haki ya kusema na wote wakasikia. Nimezitafakari mara nyingi hizi mbili. Aliyezichagua ziwe za kwanza alikuwa anajua kitu kuhusu kuishi na watu. Mkono na mdomo. Mtu akiwa navyo, ni mwanakijiji.

Baada ya hapo ndipo uchawi unapoanza. Ipo haki ya kuruka angani. Ipo ya kukimbia kupita wote, ya kupenya ukutani, ya kujipa mali bila kuichimba, ya kutoka pwani na kutokea mlimani kufumba na kufumbua, ya kumvuta mwenzako aje ulipo hata kama hataki, ya kugeuza usiku kuwa mchana. Na juu ya zote ipo haki ya kugawa haki. Unaandika /grant, jina la mtu, jina la haki, na papo hapo mtoto aliyekuwa anatembea anapaa. Unaandika /revoke, anaanguka. Yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye faili la mipangilio kama mwenye seva anazo zote.

Neno uchawi sikulichagua mimi. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo wa maneno matupu ulioitwa MUD, ambao watu wengi waliweza kuucheza pamoja, na baadaye Richard Bartle akauendeleza. Aliyefika daraja la juu kabisa humo aliitwa wizadi, yaani mchawi, na alipewa nguvu juu ya wengine. Jina likashika. Mwaka 1990 Pavel Curtis, mtafiti wa Xerox huko California, alifungua dunia nyingine ya maneno, LambdaMOO, na wasimamizi wake nao wakaitwa wachawi. Watu walipozidi, magomvi yakazidi, na kila ugomvi ukaishia mlangoni kwa wachawi. Desemba 1992 Curtis akatangaza kwamba wamechoka kuwa mahakimu: tangu siku ile wangekuwa mafundi tu, na jamii ijiamulie mambo yake.

Nilipoisoma habari hiyo nilisimama nikatoka nje. Watu wa mbali, wasiojua hata kama kuna mlima unaoitwa Lyamba, walikuwa wametupa uchawi wao kwa tangazo.

Lakini haikwenda kama walivyotaka. Miezi michache baadaye, mwaka 1993, mchezaji mmoja aliwadhalilisha wenzake vibaya mbele ya watu. Wakabishana, hawakufikia uamuzi, na mwishowe mchawi mmoja akamfuta mtu yule kwa uamuzi wake peke yake. Curtis akaleta utaratibu wa maombi na kura. Mwaka 1996 wachawi wakatoa tangazo jingine: wamekiri kwamba ufundi mtupu haupo, na kwamba karibu kila wanachogusa kinagusa watu. Nawaheshimu kwa matangazo yote mawili, la pili zaidi.

Na mimi nilikosea kwa njia ya haraka. Msichana mmoja alikuta ukuta wa nyumba yake umebomolewa. Chumba kizima kikamtaja mvulana mmoja, nami bila kuuliza nikaandika /ban. Amri hiyo haimfungii mtu kwa uso wake. Inafungia anwani ya simu yake kwenye mtandao. Usiku ule umeme ukakatika, rauta ikawaka upya na kugawa anwani upya. Kesho yake aliyekataliwa mlangoni alikuwa mtoto mwingine kabisa, mdogo wao wote, na mvulana niliyemfungia akaingia bila shida. Yule mdogo hakulalamika. Alikaa pembeni na simu mkononi akingoja, akiamini kuna kosa alilolifanya asilolijua. Sura ile sijaisahau.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kujifunza kazi. Kwanza nikawasha kumbukumbu ya matendo, ambayo kwa kawaida huwa imezimwa. Sasa naandika /rollback_check, nagonga kipande kilicholetewa kesi, na kipande chenyewe kinataja mkono wa mwisho kukigusa, hadi saa 24 nyuma. Na kama mtu ameharibu kweli, /rollback inarudisha alichovunja, kipande kwa kipande, mbele ya macho ya mwenye nyumba. Wakulima na wafugaji wa bonde hili wangelipa nini kupata shahidi kama huyo, mpunga ukiliwa usiku na kila mtu akiapa kwamba ng'ombe si wake.

Kisha nikajifunza jambo dogo ambalo kwangu ndilo utamu wa ufundi huu. Mtuhumiwa sasa simfungii. Namwondolea haki ya kugusa, namwachia haki ya kusema. Anatembea mjini, anaona kila kitu, hawezi kuvunja wala kuweka hata jiwe moja, lakini anaweza kujitetea na wote wakamsikia. Amri moja ya maneno matatu inafanya hivyo. Nimekaa kwenye mabaraza ya watu wazima ambako hufanywa kinyume chake: mtu hunyang'anywa mdomo kwanza.

Haki ya kugusa ina thamani kuliko inavyoonekana. Mwaka 2012 shirika la UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, liliungana na Mojang, watengenezaji wa Minecraft, wakaanzisha mpango wa Block by Block. Mahali pamoja pa mwanzo palikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Wakazi waliusanifu wenyewe, kipande kwa kipande, ndani ya mchezo. Ramani za miji huchorwa na watu wa mbali. Pale aliyekuwa akitembea kwenye vumbi lile ndiye aliyepewa mkono.

Kwa hiyo nimejigawa. Jina lenye uwezo wote nimelitenga, haliingii mchezoni ila kwa kazi. Ninapocheza na watoto naingia kwa jina jingine lenye haki mbili tu, na shoka langu huvunjika kama la kwao. Mwanzoni walishangaa.

"Mwalimu, kwani huwezi kuruka?"

"Naweza, mwanangu. Tupande tu."

Tukapanda kona zote za barabara yao ya mawe, nikadumbukia korongoni mara mbili, nikauona mji walioujenga kwa urefu waliokusudia. Aliye angani haoni kwamba kona ya nne imebana mno.

Mwezi uliopita nilimpa yule msichana wa ukuta uliobomolewa haki iitwayo basic_privs. Aliye nayo anaweza kutoa na kuondoa haki mbili tu, kugusa na kusema, basi. Nilimweleza mara moja, akaitikia kwa kichwa. Sikumwambia aanzie wapi. Mvulana alikuwa bado hana mkono tangu nilipoipitia kesi yao upya: kumbukumbu ya siku ile haikuwepo, lakini alikuwa amekiri mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wote.

Nikarudi kwenye laptopu yangu kutoa nakala ya dunia yao kwenye flashi, kazi ya kila jioni kabla ya kuzima. Kwenye kioo ukapita mstari mmoja wa amri: /grant, jina la mvulana, interact. Upande wa pili wa chumba mtu akaacha kuongea. Halafu nikasikia jiwe likiwekwa.