Mstari Usiofutwa

Bei ya hisa kila mwenye simu anaiona. Lakini kuijua bei hiyo inasimama wapi ukiilinganisha na ya miaka mingi nyuma, hapo ndipo mfuatiliaji aliyebobea anapotengana na mtazamaji. Chukua kampuni za Marekani zilizokuwa zikitengeneza swichi na kadi za kuunganisha seva na makabati ya diski: Brocade, McDATA, Emulex, QLogic.

Brocade iliingia Nasdaq Mei 1999 kwa dola 19 kwa hisa. Novemba 2017 Broadcom ikakamilisha kuinunua kwa dola 12.75. Msomaji mwenye haraka atasema basi aliyezishika hisa hizo miaka yote alikula hasara. Mfuatiliaji hodari atarudi kwanza kwenye kumbukumbu, na humo atakuta kwamba kati ya Desemba 1999 na Desemba 2000 hisa hizo ziligawanywa mara tatu, kila moja ikawa mbili. Hisa moja ya mwanzo imekuwa nane. Ile dola 19 sasa anaiandika upya: dola 2 na senti 37 na nusu. Kumbe mtaji umekua zaidi ya mara tano! Ila kwa kipimo hichohicho, mwaka 2000 bei ilipita dola 100, na aliyenunua wakati ule hakuja kuiona tena.

Utulivu wa mfuatiliaji huyu wa kusoma ripoti ya robo mwaka ndio unaonivutia zaidi. Faida inayotangazwa kwa mbwembwe ukurasa wa mbele anaipita. Anatafuta mali iliyolala ghalani na fedha ambazo wateja hawajalipa. Zikikua haraka kuliko mauzo, anatia alama. Halafu anafungua ripoti za wateja wenyewe. Swichi za Brocade ziliuzwa kwa wingi kupitia wakubwa wachache kama EMC, IBM na HP, hivyo mkubwa mmoja akijaza ghala lake, robo inayofuata oda hupungua. Hata McDATA ilitoka tumboni mwa EMC, iliyowagawia wanahisa wake hisa za kampuni hiyo mwaka 2001. Asiyejumlisha mgao huo anawapunja wenye EMC katika hesabu.

Kisha kuna waliotoweka. McDATA ilimezwa na Brocade mwaka 2007, QLogic ikachukuliwa na Cavium 2016. Kisa cha Emulex ndicho kitamu. Mwaka 2009 Broadcom ya zamani iliitaka kwa dola 9.25 kwa hisa, ikapanda hadi 11. Wakuu wa Emulex wakakataa. Mwaka 2015 ikauzwa kwa Avago kwa dola 8, na mwaka uliofuata Avago hiyohiyo ikainunua Broadcom na kuchukua jina lake.

Mvivu hufuta mistari ya kampuni hizi katika jedwali lake pindi zinapotoka sokoni, akabaki na walionusurika, na sekta nzima ikaonekana imenawiri. Stadi huiacha mistari yote, na mwisho wa kila mmoja huandika tarehe, mnunuzi na bei. Kwa hiyo ukiletewa jedwali la faida ya hisa za sekta yoyote, kabla hujatoa hata senti, uliza kampuni zilizotoweka zimewekwa wapi.