Somo la Historia na Mambo ya Gombe

Kijana mmoja wa sekondari hapa Baraka alinionyesha daftari lake la historia. Juu ya Rais Laurent-Désiré Kabila ameandika mistari michache: AFDL mwaka 1996, kuingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, kuuawa Januari 2001. Ya kabla ya hapo yamekwisha kwa neno moja, kwamba alikuwa “porini”. Pori hilo ni milima yetu ya Fizi! Kijana hakulijua.

Nayo yapo ya kufundisha. Mwaka 1965 Che Guevara alikaa humo miezi saba hivi, akaandika malalamiko yake kwamba Kabila haonekani penye vita. Mwaka 1967 Kabila akaanzisha chama cha PRP, kikakaa Hewa Bora, kikauza dhahabu kwa siri. Kisha usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wa chama hicho walivuka Ziwa Tanganyika, wakaingia Gombe, mahali Jane Goodall alipochunguza sokwe, wakateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Wakawaleta ng'ambo hii. Mmoja alirudishwa mapema akichukua barua za masharti. Wengine walikombolewa kwa fedha, na wa mwisho alikaa utumwani zaidi ya miezi miwili. Baada ya miaka 22 mkuu wa chama kile akawa Rais wa nchi.

Mwalimu niliyemwuliza alinijibu kwamba kusema hayo ni kumtukana shujaa. Sikubali. Katika katekisimu twawafundisha watoto wadogo dhambi ya Daudi juu ya mke wa Uria, wala hakuna aliyemwondoa Daudi katika hesabu ya wafalme. Mtoto awezaye kuyapokea hayo ashindwe na Gombe?

Lakini asiambiwe Gombe peke yake. Hilo nalo ni kosa, na wako walipendao kwa sababu ya chuki tu. Aambiwe kwa nini vijana walipanda milimani baada ya maasi ya 1964, na jinsi askari wa Mobutu walivyowatenda watu wa vijiji. Zamani za Mobutu waliitwa waasi. Baada ya 1997 wakaitwa wakombozi. Watu ni wale wale. Aliyebadilika ni mtawala, na somo likageuka pamoja naye, kama tanga.

Mwalimu yule alikuwa na sababu nyingine, aliyoitaja kwa sauti ndogo tulipokuwa tukiagana: katika darasa lake wamo wajukuu wa wapiganaji wa Hewa Bora, na wajukuu wa watu walionyang'anywa mbuzi na mihogo na wapiganaji hao. Wanakaa benchi moja. Sababu hii naiheshimu kuliko ile ya kwanza. Ila watoto hao huyasikia nyumbani kila jioni, kila mmoja upande wake, na shuleni tu ndipo wangeweza kuyasikia pamoja.